Rungu Chini ya Meza

Nikiwaambia vijana wa siku hizi kwamba nilistaafu kazi ya kubeba rungu, wananitazama kutoka miguu hadi kichwa wakidhani nilikuwa nakimbiza wachuuzi. Juzi kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kawangware aliniuliza, "Kuka," yaani babu, "kwani ulikuwa kanjo, askari wa jiji?" Nikamwambia la, nilikuwa natembea mbele ya meya. Akasema, "Ah, bodigadi." Nikamwambia bodigadi hutembea nyuma au kando. Mimi nilikuwa mbele, na mkononi nilikuwa na rungu la jiji, na nikiwa nimelibeba hakuna mtu katika Nairobi hii, hata meya mwenyewe, aliyekuwa na ruhusa ya kunipita. Akacheka mpaka akashika ukuta. Basi nimeona niandike, kwa sababu ninyi mliokua mkiwakuta magavana hamjui meya alikuwa nani, na wengine wenu mnadhani kazi ni ile tu yenye kompyuta.

Meya alikuwa diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake awe mkuu wa jiji. Wengi walikalia kile kiti muda mfupi, wakapigwa picha, wakaondoka. Wangu mimi alichaguliwa, akachaguliwa tena, akachaguliwa tena, hadi watoto wa shule wakadhani Meya ni jina alilobatizwa nalo. Sitalitaja jina lake hapa. Yuko hai na hapendi kutajwatajwa.

Rungu lenyewe, wenye vitabu huliita siwa, lakini sisi wa jumba la jiji tuliliita rungu tu. Lilikuwa refu kama mtoto wa darasa la kwanza na zito kama mtungi mdogo wa gesi uliojaa, la fedha iliyopakwa dhahabu, na kichwani lilikuwa na ngao ya jiji. Siku ya kwanza nililishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetoka Vihiga miaka michache tu nyuma, nimebeba mawe ya ujenzi, nimefagia ngazi za jumba lile lile, na sasa ninaambiwa shika, hili ndilo jiji. Usiku wake sikumwambia mke wangu chochote. Niliogopa nikisema nitaamka nikute ni ndoto.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gathogo, mtu mwembamba kutoka upande wa Kikuyu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Kwa wiki tatu hakuniruhusu kuligusa rungu. Alinipa mpini wa jembe, akafunga pakiti mbili za unga kwenye ncha, akaniambia nitembee nao ukumbini kabla wafanyakazi hawajafika. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Nikienda haraka ananisimamisha.

"Jafeti," ananiambia, "usitembee kama mtu amechelewa kanisa. Jiji haliwezi kukimbia. Watu wakiona inakimbia watafikiri kuna moto."

Nilikuwa nafikiri mzee anapoteza wakati wangu. Kumbe kutembea ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa mbele, wewe ndiye unayeamua meya ataonekana vipi. Ukienda mbio ataonekana mtu mwenye wasiwasi. Ukijikokota ataonekana mgonjwa. Tena kuna suala la viatu, ambalo hakuna mtu atakufundisha chuoni. Sakafu ya jumba ilikuwa ikipakwa nta kila Jumatatu, na soli ya ngozi juu ya nta ni balaa. Niliteleza mara moja mbele ya mabalozi, nikajishikilia kwa neema ya Mungu tu. Jioni hiyo nilienda kwa fundi wa viatu pale Adams Arcade, nikamwambia anibandikie kipande cha tairi chini ya soli, chembamba, kisionekane. Tangu siku hiyo sikuteleza tena, na kila mbeba rungu aliyenifuata nilimpeleka kwa fundi huyo huyo.

Makosa niliyafanya mengi, wala sioni haya kuyasema. La kwanza lilikuwa la Braso. Nyumbani kwetu kitu cha kung'aa husuguliwa kwa Braso, dawa ya kung'arishia shaba, basi nami nikaona nimfurahishe mzee. Nikasugua ile ngao hadi jasho likanitoka. Braso ikala dhahabu, pakabaki doa jeupe la ukubwa wa shilingi. Mzee Gathogo alikuja, akatazama, akapitisha kidole juu ya doa. Kisha akasema, "Hiyo alama itakaa hapo kuliko wewe." Akaniletea maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na fulana kuukuu ya pamba, akaketi kando yangu kunionyesha jinsi dhahabu inavyooshwa. Hakuniripoti kwa mtu.

La pili lilinivunjia heshima yote. Ilikuwa siku ya kikao, nami ndiyo kwanza nimeachiwa kazi peke yangu. Nikatoka ofisini kwa meya kwa mwendo wangu wa madaha, nikapita ukumbini, milango ikafunguliwa, nikatangaza kwa sauti yote niliyonayo, "Waheshimiwa, Mheshimiwa Meya wa Jiji!" Madiwani wote wakasimama. Nikaenda mpaka mezani, nikalilaza rungu, nikageuka niiname. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Jiji zima limesimama kuisalimia hewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Meya alikuwa amesimama kule ukumbini akimuuliza mama mmoja mfagiaji kama mtoto wake amepata barua ya kwenda sekondari. Alipoingia alikuta watu wamekauka wima na mimi nimekauka kuliko wao. Akapita kando yangu akaninong'onezea, "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi bila mimi?"

Baadaye Mzee Gathogo aliniambia, "Macho ni ya mbele, masikio ni ya nyuma. Sikiliza viatu yake." Basi nikajifunza kumsikiliza. Baada ya mwaka mmoja ningeweza kuwaambia, bila kugeuka, kama meya ana hasira, kama amechoka, kama amesimama kuongea na mtu na ni mtu wa namna gani. Akisimama kwa mkubwa viatu vilitulia. Akisimama kwa mdogo vilisogeasogea, kwa sababu alikuwa akimkaribia amsikie vizuri.

Sasa huyo mtu, vijana wangu, niwaambie alikuwa mtu wa aina gani. Kabla ya siasa alikuwa msomaji wa mita za maji. Alitembea na daftari lake Muthangari yote, Spring Valley yote, akafukuzwa na kila mbwa aliyefugwa huko. Siku moja tulikuwa tunaenda kufungua zahanati, yeye amevaa mkufu wake wa umeya, mimi nimekaa mbele na dereva, glavu mikononi, rungu kwenye sanduku lake magotini. Tulipofika Muthangari tukakuta bomba kubwa limepasuka, barabara imegeuka mto, na mainjinia wamesimama na ramani wakibishana. Walikuwa hapo tangu asubuhi wakiitafuta valvu ya kufungia maji, na lami ilishaifunika zamani.

Meya akamwambia dereva asimame. Akashuka na mkufu wake shingoni, akaenda kwenye nguzo ya mawe ya lango moja kuukuu, akaipa mgongo, akaanza kuhesabu hatua polepole. Mahali fulani akasimama, akapiga kisigino chini.

"Chimbeni hapa."

Injinia mmoja akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, ramani inaonyesha iko ng'ambo ile ingine."

"Hiyo ramani ilichorwa na mtu ako ofisini," meya akasema. "Mimi nilikuwa nakaa hapa juu ya kifuniko nikikula mkate yangu. Huyo mbwa wa hapa, mnyororo wake ulikuwa unaishia hatua mbili kutoka hapa."

Wakachimba kwa shingo upande. Si hata futi mbili, sururu ikagonga chuma. Mfuniko ule, valvu ile. Niliona wanaume wazima wenye digrii zao wakitazamana. Mimi nywele zilinisimama, siwadanganyi. Niliwahi kusikia watu wakisema fulani analijua jiji, lakini kulijua kwa nyayo, chini ya lami, miaka yote hiyo, na kwa kipimo cha mnyororo wa mbwa, hilo nililiona kwake peke yake. Tulifika zahanati tumechelewa, suruali yake imelowa mpaka magotini, na akawaomba radhi wauguzi mmoja mmoja.

Ndiyo maana nilimpenda. Na ndiyo maana nikamharibia. Hili sijawahi kuliandika popote, kwa hiyo nisomeni vizuri.

Kuna sheria moja ya rungu ambayo ni lazima muielewe. Meza ya katikati ya ukumbi wa baraza ilikuwa na vishikizo viwili vya rungu, cha juu na cha chini. Rungu likilala juu ya meza, baraza limekaa, na lolote litakaloamuliwa ni neno la jiji. Madiwani wakitaka kujadiliana kwanza kama kamati, rungu linashushwa chini ya meza. Likiwa chini, watu wanaongea tu. Hata wakipiga kura mia, hazina uzito kuliko mazungumzo ya kinyozi. Wakimaliza ukamati, mbeba rungu analipandisha tena, na hapo ndipo baraza linarejea. Ni mimi tu niliyeruhusiwa kulishusha na kulipandisha. Mzee Gathogo alinirudia jambo hilo hadi nikachoka. "Wewe hauna kura," alikuwa akisema, "lakini bila mkono yako hakuna kura."

Ikafika siku ya kuchagua meya tena. Safari hii alikuwa na mshindani wa kweli, diwani mmoja kijana aliyependa suti nyeupe, na sisi wafanyakazi tulimwita Maziwa. Maziwa alikuwa na maneno matamu na marafiki wengi, na kwa wiki nzima jumba lilikuwa linanong'ona. Wengine walisema mzee amekaa sana. Wengine walisema akitoka yeye tutajuta. Mimi kila jioni nilifika nyumbani nimenuna, hadi mke wangu akaniuliza, "Kwani ni wewe unasimamia kiti?"

Siku ya kuchagua, kiti cha meya hubaki wazi. Meya mwenyewe huketi na madiwani wenzake, na Karani wa Jiji, mkuu wa sisi watumishi, ndiye huongoza. Ugomvi ukaanza hapo hapo. Wengine wanataka kura ya karatasi, wengine wanataka watu wasimame wahesabiwe. Karani akaona watu wanakaribia kurushiana vitabu, akasema waingie kwenye kamati wakubaliane. Nikalishusha rungu chini ya meza kama inavyotakiwa. Wakabishana karibu saa nzima, wakakubaliana kusimama. Karani akagonga meza akasema, "Baraza limerejea."

Hapo ndipo nilipaswa kuinama nilipandishe.

Lakini Maziwa alikuwa amevuka upande wetu, anamnong'oneza diwani mmoja wa upande wa meya, na mimi nilikuwa namtazama. Nilikuwa nahesabu vichwa. Huyu ni wetu, huyu ni wao, yule sijui. Miaka yote hiyo sijawahi kuhesabu kura ya mtu, na hiyo siku nilihesabu kwa vidole ndani ya glavu. Ukumbi ulikuwa na kelele, Karani naye alikuwa anatafuta orodha yake ya majina, na hakuna aliyekumbuka chini ya meza kuna nini.

Wakaita jina la Maziwa, watu wakasimama, wakahesabiwa. Wakaita jina la meya wangu, watu wakasimama, wakahesabiwa. Karani akahesabu upya mara mbili. Meya alishinda kwa mtu mmoja.

Ukumbi ukalipuka. Watu waliimba, wakakumbatiana, mmoja akapanda juu ya kiti. Wazee watu wazima walikuwa wanalia. Meya akainuka aende kwenye kiti chake, na desturi ni kwamba mimi ndiye nimtangulie. Nikageukia meza nilichukue rungu. Mikono yangu ikaenda pale juu penyewe ilipozoea kwenda, ikakuta mbao tupu.

Nikainama haraka, nikalitoa chini, nikasimama nalo. Nilipoinua macho, meya alikuwa mbele yangu, karibu kama msomaji wa gazeti na gazeti lake, na alikuwa ameona mikono yangu ilikotoka. Nyuma yake watu wanaimba. Hakuna mwingine aliyeona. Mimi na yeye tu.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Twende, Mheshimiwa."

Hakusogea. Akaniuliza, "Lilikuwa wapi?"

"Mheshimiwa, twende. Watu wanakungoja."

"Jafeti. Nimekuuliza, rungu lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Chini."

Alinitazama. Sikuona hasira kwenye macho yale, na nawaambia ningefurahi zaidi kama ningeiona. Kisha akageuka, akainua mkono, akangoja. Alikuwa na subira ya ajabu. Alisimama hivyo mkono juu hadi wimbo ukakatika wenyewe.

"Waheshimiwa," akasema, "rungu lilikuwa chini. Hatukuwa baraza. Hii kura tumepiga si kitu."

Karani wa Jiji akaja mbio, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ambayo mimi niliisikia, "Mheshimiwa, hakuna mtu amelalamika."

"Mimi nimelalamika," meya akasema. "Lipandishe, Jafeti."

Nikalipandisha. Nilisikia chuma kikigusa mbao. Nilitaka kufa.

Karani akasema watu wapumzike kidogo kabla ya kurudia. Hapo ndipo kazi ilipofanyika. Maziwa hakukaa hata sekunde moja. Alitoka na watu wawili watatu kwenda kule nje kwenye veranda. Waliambiana nini sijui, na sitazua. Meya wangu hakumfuata mtu. Aliketi kwenye kiti chake cha udiwani, akavua mkufu, akauweka mezani mbele yake vizuri, kwa sababu baraza halikuwa bado limempa tena. Diwani mmoja rafiki yake akaja akamkemea, "Umetuchoma wewe. Ungenyamaza tu, shida iko wapi?" Akamjibu, "Keti chini, tutapiga tena. Kama mnanitaka, mtanitaka mara ya pili."

Wakarudi, wakapiga tena, rungu juu. Waliposimama watu wa meya, kiti kimoja kilibaki na mtu. Diwani yule aliyekuwa amenong'onezwa, ambaye alishasimama kwa Maziwa, aliketi akitazama viatu vyake. Maziwa akashinda kwa mtu mmoja.

Na mimi ndiye niliyelazimika kumtangulia Maziwa kwenda kwenye kiti. Mbeba rungu hachagui wa kumtangulia. Nilitembea mwendo ule ule niliofunzwa kwa mpini wa jembe, machozi yananitiririka hadi kwenye kola, na hakuna hata mkono mmoja wa kuyapangusa. Meya wangu wa zamani alikuwa wa kwanza kusimama na kumpigia makofi mshindi. Alipotoka alitoka peke yake, kwa mlango wa wafanyakazi, na wapishi wakamwona akiagana nao mmoja mmoja kwa majina.

Karani aliniandikia barua ya onyo, nikaitia saini. Nilidhani nitafutwa, sikufutwa. Nikawatangulia Maziwa na wengine waliomfuata, hadi kiti chenyewe cha meya kikaondolewa na rungu likawekwa kwenye kabati la vioo. Ila kwa yule mzee sikuwahi kwenda. Nilishindwa. Nikimwona kwa mbali mjini nilikuwa naingia dukani hata kama duka ni la nguo za wanawake. Mke wangu alinisema, "Mtu hakukufukuza, hakukutukana, unamkimbia ya nini?" Nilimkimbia kwa sababu nilimpotezea kila kitu kwa kuhesabu kura kwa vidole. Na pia, nitasema ukweli, nilikuwa nimemkasirikia. Tulikuwa wawili tu tulioona. Nilikuwa tayari kubeba siri ile hadi kaburini, naye akanikatalia zawadi yangu mbele ya jiji lote.

Mwaka huu nilikuwa Adams Arcade nikinunua dawa ya presha, nikasikia nyuma yangu viatu. Amini usiamini, nilivijua kabla ya kugeuka, ingawa sasa vina mkongojo kati yake. "Jafeti," akasema, "duka la nguo za wanawake liko upande ule mwingine." Kumbe miaka yote aliniona.

Alinichukua hadi nyumbani kwake, nyumba ya kawaida tu, yenye viazi vitamu mahali ambapo majirani wamepanda nyasi. Akatengeneza chai mwenyewe, mkono mmoja kwa mkongojo, akakataa kabisa nimsaidie. Tuliongea mambo ya magoti na wajukuu. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mbona ulisema? Hakuna mtu angejua."

"Wewe ulijua."

"Mimi ningenyamaza. Haki ya Mungu, ningenyamaza mpaka nife."

"Najua ungenyamaza," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida." Akaweka kikombe chini. "Ona, Jafeti. Kila asubuhi natoka kwa ofisi, mtu wa kwanza kuona ni mgongo yako. Kila siku. Ningeanza kukupea vitu ndio unyamaze. Leo likizo, kesho nyumba ya jiji, kesho kutwa kazi ya mtoto wako. Hujaniuliza, mimi nakupea tu. Ukikohoa nashtuka. Karani akikuita ofisini kwake, silali. Halafu siku moja nachoka kushtuka, nakufukuza kazi. Na ungekuwa hujakosa chochote."

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni nani wa kukutisha?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyo," akasema. "Pale, ukiwa umelishika, unaniambia twende. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuogopa. Nikasema siwezi kuishi hivi."

Miaka yote hii nilidhani alikiacha kile kiti kwa ajili ya sheria, au kwa ajili ya jiji, au kwa kiburi cha watu wema. Vijana wangu, yule mtu alikuwa anasalimiwa na marais. Na alitoa kiti chake chote, mkufu na gari na jina, ili asije akamwogopa mtu kama mimi, aliyekuwa akila chakula chake cha mchana jikoni, amesimama.